Paini Ndani ya Mahindi ya Bibi Verediana

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba una tarehe yake, na tarehe hiyo ni Alhamisi ijayo, kwa hiyo nakusihi barua hii usiilaze chini ya zile za wachumba na mawifi, nimekusoma miaka tisa na najua mkono wako si laini, nitukane ukitaka, lakini nijibu kabla ya Alhamisi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari jirani na Igowole, nina miaka arobaini na sita, mke mmoja na watoto watatu, mzaliwa wa Chunya, ambako baba yangu alichimba dhahabu miaka ishirini akafa bila kuacha hata nyumba ya bati, ndiyo maana tangu nianze kazi nimekuwa na woga mmoja tu, woga wa kustaafu mikono mitupu, na huku Mufindi woga huo una dawa ambayo kila mtu anaijua, nayo ni paini. Ofisini kwetu asubuhi kabla ya kengele hakuna habari nyingine, huyu ana ekari nne na zimeshaanza kupunguzwa matawi, yule ana tatu, mlinzi wa geti naye ana mbili, na mimi nikiulizwa, "Mwalimu, zako ziko wapi?" nilikuwa najibu kwamba zangu ziko ubaoni, wanacheka, nacheka nao, halafu naingia darasani nimenuna.

Miaka minne iliyopita mjane mmoja wa hapa kijijini, Bibi Verediana, mwenye miaka sabini na kitu, aliniazima shamba lake la ekari moja na nusu lililoko chini bondeni, maana nyonga yake imeharibika na mteremko ule hauwezi tena, wala hakunidai kitu, alisema tu, "Mwalimu, lima mahindi, lima maharage, watoto wale, siku nikilihitaji utaniachia," nami nikaahidi, na kila mavuno nampelekea madebe mawili ya mahindi kwa hiari yangu, ananipokea kwa "Kamwene, mwanangu" na kunibandikia chai. Desturi ya huku, kwa wasomaji wako wasioijua, ni kwamba mtu aliyeazimwa shamba anapanda vitu vya msimu, vile vinavyoingia na kutoka ndani ya mwaka, lakini mti hapandi, hata mmoja, kwa sababu mti haondoki nao baada ya mavuno, na aliyepanda mti amekwisha kusema kwa mikono yake kwamba hapa ni kwangu. Desturi hiyo naijua vizuri, niliambiwa wiki ya kwanza nilipohamia.

Sasa mshauri, mwaka jana mwezi wa kwanza nilinunua miche mia sita ya paini, si kwenye kitalu cha hapa kijijini, nilikwenda hadi Mafinga, nikaileta kwa safari tatu za pikipiki viriba vikiwa vimefunikwa na turubai, na nikaipanda katikati ya mahindi ambayo wakati huo yalikuwa yamenifika kifuani, kila baada ya mistari minne ya mahindi mstari mmoja wa paini, hivi kwamba mtu anayepita njia ya juu haoni kitu ila mahindi ya Mwalimu yamestawi. Nilipovuna sikukata mabua, niliyaacha yamesimama yaifiche miche, na Bibi Verediana aliposikia nikamwambia nayaacha yaoze yarutubishe udongo, naye akawasimulia wenzake kanisani kwamba Mwalimu analima kisomi. Mpango wangu ulikuwa hivi, misimu mitatu ya mahindi, kisha paini zitakuwa na kivuli, mahindi yatakataa yenyewe, nami nitamwambia Bibi kwamba udongo umechoka, na kufikia hapo miti itakuwa mirefu kuliko maneno.

Mke wangu Matilda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, alikuja palizi bila kuniambia. Akainama, akagusa mche.

"Baba Yudith, hii nini?"

"Paini."

"Ya nani?"

"Yetu. Nimewekeza."

"Na shamba la nani?"

Akatupa jembe begani akaupanda mteremko bila kugeuka, akasema, "Mimi sipalilii wizi," na tangu siku hiyo hajashuka bondeni, na nyumbani ananipakulia chakula, ananitengea, anakwenda kukaa kwingine.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si mke wangu, ni mwanafunzi wangu, na huyo si mtoto, ni mama wa miaka thelathini na minne anayeitwa Faustina, anauza nyanya sokoni Igowole, na ni mkwe wa Bibi Verediana, mumewe yuko Mbeya kwenye kazi za ujenzi, yeye anaishi na mama mkwe na kila Jumamosi anakuja kwenye darasa letu la watu wazima wanaojiandaa na mtihani. Mwezi wa tatu Bibi alimtuma bondeni kuchuma majani ya maboga, maana mimi mwenyewe nilimwambia Bibi achume wakati wowote, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba mtu anayechuma majani ya maboga anatembea ameinama.

Hakusema kitu, mshauri, alikuja darasani wiki hadi wiki, shikamoo Mwalimu, marahaba, mpaka mwezi huu nilipotoa swali ambalo nimelitoa miaka yote, ubinafsi na tamaa ni chanzo cha migogoro katika jamii, jadili kwa kutumia kazi za fasihi ulizosoma na maisha halisi. Wengine waliandika yale ninayowafundisha, mhusika tajiri, mhusika kiongozi, mhusika mwenye kitambi, Faustina akaandika kurasa mbili na sehemu moja nimeikariri bila kupenda: "Mfano wa maisha halisi. Kuna mtu aliazimwa shamba na mama mzee asiyeweza kushuka bondeni. Akapanda paini ndani ya mahindi ili zisionekane. Mtu huyu hana kitambi. Ana cheti. Kila mavuno anampelekea yule mama madebe mawili na yule mama anamwombea kwa Mungu."

Nilimpa alama nne kwa ishirini, nikaandika kwa wino mwekundu, "Umetoka nje ya swali."

Jumamosi iliyofuata nilirudisha karatasi, akasimama.

"Mwalimu, swali lilisema na maisha halisi?"

"Ndiyo."

"Basi nimetoka wapi?"

Dereva mmoja wa lori la mbao anayekaa nyuma akadakia, "Dada Faustina, komaa hapohapo, alama nne hata mbuzi akikanyaga karatasi anapata," darasa likaangua kicheko, mimi nikasema mfano wake haukuwa na ushahidi, naye akasema taratibu, "Vile vitabu sikuvimaliza, Mwalimu, mimi nauza nyanya. Lakini lile shamba nimelisoma mwanzo mpaka mwisho. Nilihesabu mpaka mia mbili nikachoka," na wengine hawakuelewa wakacheka tena. Mlangoni akasubiri wenzake watoke akaniambia, "Mama sijamwambia. Nikimwambia mimi atasema mkwe ana kijicho na mtu mwema. Nangoja alisikie kwa mtu huyo mwenyewe."

Kisha ndipo likaja hili la Alhamisi. Wapimaji wanafika kitongojini kwetu kwa ajili ya hati za kimila, mwenye shamba anasimama kwenye shamba lake, anaonyesha mipaka, majirani wanashuhudia, jina linaandikwa, na likishaandikwa kulifuta ni kazi ya miaka. Mwenyekiti wa kitongoji, Fanueli, ameshaziona paini, maana sasa mahindi yamekauka yamekuwa ya manjano na zenyewe zimebaki kijani, zinafika kiunoni, mtu akiwa njia ya juu anaziona kama mistari ya daftari. Akaniita pembeni, "Mwalimu, wapimaji hawaulizi babu wa nani alilima hapa. Wanauliza nani kapanda. Wewe una miti mia sita, yule bibi ana nini pale? Maboga? Simama tu. Mimi nitashuhudia." Nikamuuliza na wewe utapata nini, akacheka, "Kipande kidogo cha pembeni, cha kuweka mizinga ya nyuki."

Siku hiyohiyo Bibi Verediana akaniita, akanibandikia chai, akasema, "Mwanangu, kuna watu wa vipimo wanakuja. Mimi kule sifiki, mguu umekataa. Faustina kaolewa juzi tu, mipaka haijui. Wewe umelima pale miaka minne. Nenda ukanisimamie. Waonyeshe lile jiwe, waonyeshe na mfereji. Na jina langu ulitamke vizuri, watu wa karatasi hulikosea." Nikasema ndiyo, mama. Nilisema ndiyo, mshauri, na chai niliinywa.

Sasa nakuuliza. Shamba lile lilikuwa limekaa tu, wanawe wako mijini hawana habari nalo, jasho ni langu na miche ni yangu, na wote tunaofundisha fasihi tunajua kwamba ubinafsi ni maumbile ya binadamu, hakuna aliyezaliwa bila huo. Nimefikiria niandikishe nusu, yeye nusu, nimefikiria pia kwamba akifariki mbao za jeneza zitoke kwenye paini zile bure, hilo nimekwisha kuliamua moyoni. Baba alikuwa akituambia kwamba mchimbaji mbaya si yule anayevamia shimo la mwenzake mchana kweupe, ni yule anayetoboa pembeni, chini kwa chini, mpaka anatokea kwenye mwamba wa jirani huku kule juu wanasalimiana, na siku hizi nikilala nayasikia maneno hayo. Nifanye nini Alhamisi?

Mwalimu D., Igowole

JIBU

Mwalimu D.,

Barua yako imenifikia Jumamosi. Gazeti hili linafika Igowole Jumanne na basi la mchana. Unayo Jumanne jioni na Jumatano nzima. Zinatosha. Kuchukua kulikugharimu misimu miwili, kurudisha ni kazi ya siku moja na nusu.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja, wizi. Limetokea mara moja tu, na limetoka kinywani mwa mkeo. Wewe, mwalimu wa lugha, mwenye kamusi mezani, umeandika "kupanda", umeandika "kuwekeza", umeandika "mpango wangu". Kiswahili hakijakunyima neno. Wewe ndiye uliyelipita kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

Nikupe kwanza haki yako. Woga wa kuzeeka mikono mitupu naujua na siucheki. Mtoto aliyemwona baba yake akichimba miaka ishirini akazikwa kwa michango hawezi kuwa na usingizi mtulivu, na serikali zote na mahubiri yote hayajamtuliza mtu wa namna hiyo. Tena umeandika mwenyewe, hukukamatwa. Umetaja chai, umetaja alama nne, umetaja jeneza. Mtu aliyeoza kabisa haweki mambo hayo kwenye barua. Kwa hayo nakuheshimu. Heshima yangu inaishia hapo, sasa kaa vizuri.

Unasema ubinafsi ni maumbile. Ni kweli. Na kwenda haja ni maumbile, lakini tumechimba vyoo. Hakuna mtu wa Mufindi anayechuchumaa katikati ya njia ya kanisani na kuwaambia wapita njia kwamba ndivyo alivyoumbwa. Kila desturi ya maana ambayo wazee wenu waliiacha ni choo cha namna hiyo, imechimbwa na watu waliojijua. Walijua kwamba mtu akiazimwa shamba mwaka wa kwanza atashukuru, wa pili atazoea, wa tatu ataanza kusema "shamba langu" bila kujisikia. Ndiyo maana wakasema asipande mti. Hawakuwatungia majambazi desturi hiyo, maana jambazi haombi shamba. Waliwatungia watu wema wenye madebe mawili. Walikutungia wewe, miaka mingi kabla hujazaliwa. Na wewe ukauchukua uzio wao ukaugeuza ngazi.

Halafu tuje kwenye fasihi yako, maana hapo nina ugomvi nawe na wenzako wote wenye chaki. Mmewafundisha watoto wetu kwamba tamaa huingia jukwaani ikitanguliwa na kitambi. Ina gari, ina hawara, ina kicheko kikubwa, na kwenye ukurasa wa mwisho inaaibika. Mtoto anaandika hoja sita, anapata alama, anatoka darasani akiwa na uhakika kwamba tamaa ni ugonjwa wa watu wengine. Huo si usomaji, ni chanjo ya kujikinga na usomaji. Mwandishi anayejua kazi yake anamchora mlafi ili mimi nishtuke nijione, si ili nipate wa kumzomea. Umefundisha swali lile miaka yote, na katika miaka hiyo yote mtu mmoja tu amelijibu, muuza nyanya, na ukampa alama nne.

Nakwambia hili bila kupunguza, Mwalimu: kosa la paini ni baya, la wino mwekundu ni baya zaidi. Shamba ulilichukua kwa siri kwa sababu bado ulikuwa na aibu. Alama ulizichukua mchana, mbele ya watu, kwa kutumia kiti ulichopewa na umma. Mama huyu anafunga meza yake ya nyanya Jumamosi, siku ya soko, siku ya pesa, aje kujifunza kusema jambo kwa hoja. Akalisema. Ukamwambia ametoka nje. Hapo hukuwa tena mtu mwenye woga wa uzee. Ulikuwa yule mhusika wako mwenye kitambi, kitambi tu ndicho hakijafika.

Na mbao za jeneza! Hapa niliweka barua chini nikatembea kidogo. Wewe na mimi tunajua paini inataka miaka zaidi ya kumi na tano ndipo itoe mbao ya kueleweka, na Bibi ana sabini na kitu. Kwa hiyo katika ukarimu wako umemkadiria siku zake, umempimia sanduku, na umemkatia mbao kutoka shambani mwake mwenyewe ili ashukuru akiwa chini. Mtu akikuibia ng'ombe kisha akuahidi supu utamwitaje?

Nusu kwa nusu nayo sitaki kuisikia. Nusu ni ya watu wawili wenye haki. Wewe huna robo. Unasema shamba lilikuwa limekaa tu. Lilikuwa limekaa na mwenyewe, kama koti lako linavyokaa ukutani wakati wa joto. Unasema jasho ni lako. Ni kweli, na mtu anayevunja mlango usiku pia hutoka jasho. Unasema wanawe hawana habari. Hukuazimwa na wanawe.

Huyo Fanueli wako simjibu kwa urefu, hakuniandikia. Ila tazama jinsi ulivyokuwa rahisi kununuliwa kwa ushahidi wa mtu wa mizinga ya nyuki. Mwizi mmoja akipanda, wa pili huja kuomba kipande cha pembeni, na wa tatu atakuja kuomba cha kwenu wawili. Ukiandikishwa Alhamisi kwa ushuhuda wake utaishi miaka ishirini ukimwamkia mtu anayejua.

Na msomaji wa Uyole unayecheka hapo ukinywa chai, nawe unayesogeza mstari wa viazi nusu hatua kwa jirani kila msimu ukiamini mvua imefuta mpaka, cheka polepole. Mimi mwenyewe nilipomaliza kuisoma barua hii niliinuka nikakagua rafu, nikatoa vitabu saba vyenye majina ya watu wengine ndani. Viwili wenyewe wameshafariki. Vimeshafungwa kamba, vinaondoka wiki hii kwa watoto wao. Sikusimulii ili unisifu. Nakusimulia ujue kwamba kitu cha kuazima huota mizizi kwa kila mtu, na kwamba kung'oa kunauma kidogo tu, kwa dakika chache.

Sasa kazi.

Jumanne jioni, kabla jua halijazama, nenda kwa Bibi Verediana ukiwa na mkeo. Mwombe Matilda akusindikize, na ukimwomba tumia lile neno lake, hilihili ulilolikwepa kwenye barua. Atakuja. Mwanamke anayekutengea chakula kisha akakaa kwingine hajaondoka, anangoja. Usibebe sukari. Usibebe debe. Ukienda na zawadi utamlazimisha akushukuru kabla hujasema, na shukrani za huyo mama umekwisha kuzitumia vya kutosha. Usikubali chai mpaka umalize. Faustina awepo. Sema: uliniazima shamba, nimelipanda paini mia sita, nilizificha ndani ya mahindi, mabua niliyaacha ili usizione, ulipoomba nikusimamie nilikuwa nimekwisha kufikiria kusimama kwa jina langu. Sema kwa mpangilio huo. Usiseme neno "lakini". Ukilisema, anza upya.

Halafu nyamaza. Atalia, au atakufukuza, au atakaa kimya mpaka taa iwashwe, na vyote hivyo ni haki yake. Akishanyanyua kichwa muulize swali moja: paini ning'oe au nikuachie? Akisema ng'oa, Jumatano alfajiri uwe bondeni, uzing'oe zote mia sita kwa mikono yako, ufukie na mashimo, na darasani utoe udhuru wa kweli. Akisema ziache, basi ni zake, kuanzia sindano mpaka mzizi, na Jumatano mnakwenda ofisi ya kijiji kuandika hivyo mbele ya mashahidi, na siku zikipunguzwa matawi hutaokota hata kijiti cha kuni. Mahindi yaliyosimama sasa yavune umpe yote, na shamba lirudishe. Kama siku moja atakuazima tena, atasema yeye. Usiombe.

Woga wako wa kustaafu utabaki nao, sitakudanganya. Nunua robo ekari yako mwenyewe, hata mbali, hata kwa miaka mitano ya kujinyima, na siku wakikuuliza ofisini zako ziko wapi, taja hata miche hamsini utakayokuwa umeipanda humo, bila kucheka. Miche hamsini ambayo mtu anaweza kuipalilia na mkewe ni pensheni kubwa kuliko mia sita ya kupalilia peke yako huku ukichungulia njia ya juu.

Jumamosi darasani chukua karatasi ya Faustina, kata ile nne mbele ya wote, kata na maneno yako mekundu, andika alama anayostahili. Sikutajii ni ngapi, wewe ndiye mwalimu, na utajulikana kwa utakachoandika. Kisha mwambie asome jibu lake kwa sauti, na ukae kwenye dawati akisoma. Dereva wa lori atauliza huyo mtu ni nani. Mjibu.

Imebaki Alhamisi yenyewe. Bibi alikuomba umsimamie kwa sababu hawezi kushuka. Hutamsimamia. Atasimama mwenyewe. Umejua miaka minne kwamba nyonga ya mama huyu haishuki bondeni, na badala ya kumshusha ukaifanya nyonga yake kuwa uzio wa kukuficha. Basi mshushe. Tafuta kiti imara chenye mikono, si kigoda. Mkalishe, mfunike shuka, maana mwezi huu ukungu wa kwenu unauma. Wewe shika upande mmoja wa kiti. Upande wa pili ashike Mwenyekiti Fanueli, na akikataa, muulize mbele ya wapimaji mizinga yake ya nyuki alikuwa aiweke wapi. Atashika.

Teremkeni polepole. Ule mteremko ni mrefu, mikono itakufa ganzi, na huko chini mtapita katikati ya mistari yako, au katikati ya mashimo yake yaliyofukiwa, na Bibi atatazama mmoja baada ya mwingine. Usiharakishe hapo. Mfikisheni kwenye lile jiwe. Mtue. Urudi nyuma hatua tatu, mahali panapomfaa jirani. Wapimaji watauliza shamba ni la nani, na wewe, uliyezoea kujibu maswali, hili utaliacha. Mwache ajibu, mwache anyooshe kidole chake mwenyewe, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mfereji. Jina lake likishaandikwa, shika kiti, mpandishe nyumbani.

Alinanuswe